Je, Kilichotangulia Ndicho Kilichosababisha?

Mwenye bunduki ya kuwindia aliyefunga mdomoni mwa kasiba kile kifaa cha chuma chenye matundu, ambacho huitoa gesi ya baruti kwa kando ili kupunguza teke la silaha, kisha akaona risasi zake, zilizokuwa zikikutana mahali pamoja, zimetawanyika ubaoni, hufanya haraka kuhukumu kwamba kifaa ndicho mkosaji; na hukumu hiyo, ijapokuwa huenda ikawa ya kweli, haijapata bado dalili. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika Tahafut al-Falasifa kwamba pamba inapoungua ikigusana na moto, jicho letu hushuhudia mambo mawili yakiandamana, wala halishuhudii ulazima baina yake.

Fundi mwenye busara, ambaye pengine hajapata kulisikia jina la Imamu huyo, hukifungua kifaa, akapiga kwa risasi za namna ile ile, akakirudisha, akapiga tena; kisha hulichungulia tundu la kutokea risasi, na akiona upande mmoja umekwaruzwa na kuachiwa rangi ya shaba, hujua kuwa hesi zilichongwa upogo na risasi hugusa chuma ipitapo. Ghazali, kwa maoni yangu, hakushindwa hapo, maana mkwaruzo nao ni mwandamano mwingine tu. Lakini fundi hana haja na ulazima wa wanafalsafa, yamtosha ada aliyoiendesha Mwenyezi Mungu, ambayo Imamu mwenyewe hakuikana. Mtawanyiko ukibaki hata kifaa kikiondolewa, ataikagua darubini na skrubu za kitako, kwani huenda zililegea siku ile ile.