Jina la Mti na Heshima ya Mtu

Njia ya zamani ya misafara, itokayo pwani ikapita Tabora hadi Ujiji, ingali na miembe mikubwa iliyowapa wachukuzi kivuli. Mwembe ni mgeni kutoka Asia. Wataalamu wa mimea huuita Mangifera indica, jina alilolitoa Linnaeus mwaka 1753. Katika ukoo wake, Anacardiaceae, umo pia mng'ongo, mwenyeji wa Afrika, uitwao Sclerocarya birrea. Mgeni na mwenyeji, ukoo mmoja! Ndiyo kazi ya jina jema: laonyesha udugu ambao macho peke yake hayauoni.

Lakini aina ndogo moja ya mng'ongo ilipewa jina caffra. Asili ya neno hilo ni "kafiri" ya Kiarabu, nalo huko Afrika Kusini liligeuka kuwa tusi zito kwa Mwafrika. Mwezi wa Julai 2024 wataalamu waliokutana Madrid waliamua, kwa kura 351 dhidi ya 205, kwamba majina yote ya namna hiyo, zaidi ya 200, yaandikwe affra, yaani ya Afrika.

Wako waliohofia uamuzi huo, wala hoja yao si ya kudharauliwa. Jina la kitaalamu lafaa kwa sababu halibadiliki ovyo. Likigeuzwa kila mtu anunapo, vitabu vitapingana. Nasi twakiri kwamba si kila jina la kigeni ni tusi. Mninga wetu huitwa Pterocarpus angolensis, na hakuna aliyevunjiwa heshima kwa kutajwa Angola.

Hata hivyo, jina huwekwa ili watu waelewane. Litawapatanishaje wasomaji, ikiwa mmoja wao hulisoma akiona aibu?

Wala tusiwanyoshee kidole wageni tu. Njia ile ile ya misafara ililipitisha neno "mshenzi", ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara. Leo twalitamka sisi kwa sisi bila haya: juu ya jirani, juu ya mtumishi wa nyumbani, hata juu ya mtoto. Kulifuta neno hilo hakuhitaji mkutano wala kura. Kila baba na kila mama aweza kulikataza nyumbani mwake, tangu jioni ya leo.