Kikao Kinachovunjika Mapema Mno

Kwenye kikao cha talaka huku Kibombo, Maniema, usiwatazame wazee kwanza. Tazama daftari. Kuna kijana aliyesoma, amepewa biki na daftari la mistari, na kila mzee anapotaja kitu yeye anaandika. Mbuzi wa mahari walikuwa wangapi, wangapi wanarudi. Faranga zilizobaki. Jembe. Sufuria mbili. Kitenge ambacho bibi anadai alikinunua kwa fedha zake mwenyewe, na mjadala wake unachukua nusu saa. Kila kitu kinapewa mstari wake. Ukurasa unapokaribia kwisha, mtu anakumbuka: na watoto? Kijana anaandika mstari mmoja: watoto ni wa baba. Daftari linafungwa na chai inapita.

Sina ugomvi na mstari ule. Wakusu, kama makabila mengi ya Maniema, wanahesabu ukoo kwa upande wa baba, na mahari ikishatolewa mtoto amepata jina, ukoo na mahali pa kuzikwa. Hilo ni jambo zito na linamlinda. Lakini mstari huo unatuambia mtoto ni wa nani, basi. Hautuambii atalala wapi juma la kwanza la Septemba masomo yakifunguliwa, ni nani atampeleka kwenye zahanati homa ikimpanda usiku, wala ni lini mama yake atamwona tena. Haya yote yanaachwa yajipange yenyewe, na kwa kawaida yanajipanga kwa kisirani.

Sababu ya kuachwa hivyo naielewa. Watu wote waliokaa pale wamekuja kuiokoa ndoa. Wazee wanabembeleza, wanakumbusha fadhila za zamani, wanamwomba bibi arudi na bwana aombe radhi. Hata serikali imepanga hivyo. Sheria ya familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987 na iliyorekebishwa Julai 2016, inamtaka hakimu ajaribu kuwapatanisha mume na mke kabla ya kusikiliza shauri lenyewe la talaka. Tanzania nayo, tangu Sheria ya Ndoa ya 1971, kwa kawaida haipokei ombi la talaka mpaka baraza la usuluhishi liandike kwamba limejaribu na limeshindwa. Taabu inakuja pale usuluhishi unaposhindwa. Ndoa ikionekana imekufa, wapatanishi nao wanaona kazi yao imekufa. Watu wanapangusa suruali, wanaagana. Na ile ilikuwa mara ya mwisho, pengine kwa miaka mingi, koo mbili kukaa chini ya paa moja huku bado zikisikilizana kwa adabu.

Mimi nasema wasisimame. Wanywe chai yao, kisha waketi tena kwa ajili ya jambo moja tu: siku za watoto.

Waislamu wenzangu wataniambia dini imeshaagiza wasuluhishi wawili, mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Kweli, ni aya ya 35 ya Sura Nisaa, na masheikh wetu wanaisoma vizuri sana. Ningewaomba waende pia kwenye Baqara, aya ya 233. Imekaa katikati ya aya za talaka. Inamzungumzia mama anayenyonyesha, chakula na mavazi ambayo baba anapaswa kutoa, inakataza mama adhuriwe kwa sababu ya mtoto wake na baba vilevile, na hata kumwachisha mtoto ziwa inasema kuwe kwa kuridhiana na kushauriana. Basi kama watu walioachana wameagizwa kushauriana juu ya ziwa, siku za vakansi zitashindikanaje?

Sasa, kalenda yenyewe. Kule mijini Ulaya wazazi walioachana wanagawana Jumatano jioni na wikendi moja kwa mbili. Sisi hilo halitufai. Chukua hali ya kawaida kabisa: bwana amebaki Kibombo na shamba lake, bibi amerudi kwa wazazi wake Kindu, kule Alunguli, ng'ambo ya mto Lualaba. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 100. Reli ipo, imekuwepo tangu sehemu ya Kindu hadi Kongolo ilipokamilika mwaka 1911, lakini treni inayotoka Lubumbashi inafika inapofika; hakuna mzazi atakayeapa kwamba mtoto atakuwa kituoni Ijumaa saa kumi. Barabara ina pikipiki, na wakati wa mvua ina matope kwanza, pikipiki baadaye.

Lakini hali yetu ina mpangilio wake pia. Kiangazi chetu kinaangukia Juni hadi Agosti, na vakansi kubwa ni Julai na Agosti. Njia inapokauka ndipo shule inapofungwa. Kwa hiyo yule mzazi anayekaa mbali apewe kipande kirefu cha kiangazi, majuma ya kutosha mtoto kuzoea kitanda na kupata marafiki, kuliko kumtoa mbio kila sikukuu ndogo arudi amechoka na miguu imejaa matope. Krismasi na Pasaka ni mapumziko mafupi ya msimu wa mvua. Anayeweza kusafiri asafiri yeye, mtu mzima, amfuate mtoto alipo. Katikati ya hapo kuna simu. Siku yake ijulikane, Jumapili baada ya kula kwa mfano, na ijulikane pia nani anatuma unite. Mtoto akiongea na mama yake, baba na mke wake mpya watoke nje kidogo. Simu inayosikilizwa na watu watatu, mtoto anajibu "ndiyo" na "hapana" tu.

Sikukuu ziandikwe kwa uangalifu. Maniema ina Waislamu wengi na Wakatoliki wengi, na wanaoana. Ukiandika Krismasi kwa mama, itakaa palepale tarehe 25 Desemba. Ukiandika Idi kwa baba, kumbuka Idi inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Leo inaangukia mapumziko, baada ya miaka michache iko katikati ya mitihani. Niliwahi kuona watu wazima karibu wapigane kwa sababu ya mwezi kuandama Jumanne.

Kikao kimoja nilichokaa kilienda mbele kuliko desturi. Baada ya ndoa kushindikana, shangazi wa watoto, mama mmoja mkali anayeuza mawese sokoni, alikataa kuinuka. Akamgeukia mjomba wa watoto.

"Shemeji, mtoto akija kwenu Julai, nani anamrudisha?"

"Sisi wenyewe."

"Kwa treni?"

"Kwa treni. Ikikosekana, pikipiki."

"Pikipiki ya nani?"

Mjomba akasita. Hapo baba wa watoto, ambaye tangu asubuhi alikuwa akitazama ukuta, akafungua mdomo kwa mara ya kwanza bila matusi. Alisema hataki mwanawe apakiwe watu watatu kwenye pikipiki moja. Mama, bila kumtazama, akajibu: hata mimi sitaki. Ndilo jambo la kwanza walilokubaliana siku nzima. Yule shangazi hakuliacha lipoe, akamwambia kijana wa daftari aandike. Kutoka kwenye pikipiki wakaenda kwenye nauli, kutoka nauli wakaenda kwenye viatu vya shule, na ilipoadhiniwa Alasiri ukurasa wa pili ulikuwa umejaa.

Nimewaza sana kwa nini yule mama aliweza na wazee wenye kofia hawakuweza. Nadhani ni kwa sababu hakuhukumu. Mzee wetu akiketi anataka kutoa neno la mwisho, ndivyo alivyolelewa, naye aghalabu ni wa ukoo wa mmoja wao. Msuluhishi wa kazi hii anauliza tu, na anaendelea kuuliza mpaka wenye watoto wajibu wenyewe. Kenya wameifanya kuwa utaratibu wa mahakama. Walianza kwa majaribio Nairobi mwaka 2016, kitengo cha familia kikiwemo. Hakimu anawapeleka wahusika kwa msuluhishi, wanapewa siku 60, na wakikubaliana karatasi yao inarudi mahakamani na kuwa amri. Hapa kwetu tunaye shangazi na tunaye mjomba, mmoja wa kila upande, na hawahitaji kulipwa. Wanahitaji kuambiwa tu kwamba kazi yao haikwisha ndoa ilipokwisha.

Kuna mambo mawili ambayo lazima yatenganishwe kwenye daftari, kila moja na mstari wake: fedha za matunzo na siku za kuonana. Kwetu yamefungwa pamoja kama mbuzi na kamba. Baba asipotuma fedha, mama anamficha mtoto. Mama akimficha mtoto, baba anasema nitume za nini. Mtoto halipiwi wala halipi. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unaihesabu haki ya kuonana na wazazi wote wawili kuwa ya mtoto mwenyewe, isipokuwa kuonana huko kukiwa na madhara kwake. Deni la baba lidaiwe kama deni.

Na kuna jambo ambalo vikao vinalizunguka bila kulitaja. Mara nyingine watu hawagombei mtoto, wanagombea mikono yake. Mpunga ukianza kukomaa ndege wanashuka, na anayekaa shambani kuwafukuza ni mtoto wa miaka tisa ambaye jina lake liko kwenye orodha ya darasa la nne. Mwingine anaitwa Kindu "kukaa na mama" na anakuta amekwenda kulea mtoto wa mama mdogo. Shule ya msingi ya serikali imetangazwa kuwa bure tangu Septemba 2019; visingizio vimepungua. Mpango unaomtoa mtoto darasani mwezi wa pili, wasuluhishi waukatae hata kama baba na mama wameukubali wote wawili.

Wadogo sana wana hesabu yao. Sheria ya Tanzania inadhani, mpaka ithibitishwe vingine, kwamba mtoto chini ya miaka saba ni heri akae na mama, na inamkumbusha hakimu ubaya wa kumhamishahamisha. Kwa mtoto anayenyonya, baba aje yeye, aketi uani anapokaa mama, ambebe mtoto, aende zake. Hakuna aibu hapo, ingawa najua wanaume wengi wa Kibombo wataona wanapigishwa magoti. Kwa wakubwa, sheria yetu ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inataka maoni yao yasikilizwe wanapokuwa na uwezo wa kupambanua mambo. Yasikilizwe, lakini si kwa kumsimamisha mtoto mbele ya koo mbili na kumuuliza anampenda nani. Nyanya anaweza kumuuliza pembeni, wakichambua sombe, anataka kusoma wapi na rafiki yake ni nani. Majibu yatatosha.

Na kama bibi alikuwa anapigwa, kikao hiki asikalishwe. Mtu hawezi kupatana na mkono anaouogopa; atakubali lolote ili atoke mle ndani akiwa mzima. Hiyo ni kazi ya mahakama, na wazee wanaosema "ni mambo ya nyumbani" wanamfanyia ukatili wa pili.

Kwa wengine wote, yaliyoandikwa yasiishie daftarini. Nakala moja ibaki kwa shangazi, moja kwa mjomba, na ndoa ikiwa imefika mbele ya hakimu wa mahakama ya amani, apelekewe aiingize kwenye uamuzi wake. Ndoa nyingi hapa hazikuwahi kuandikwa serikalini, hilo linajulikana, lakini hata kwa hizo, karatasi inaweza kutiwa saini na pande zote mbili na kupigwa muhuri wa chifu. Iandikwe pia kwamba kila mwaka shule ikifungwa, kabla mtoto hajapanda chombo, shangazi na mjomba wataipitia upya. Msichana aliyeandikiwa siku zake akiwa na miaka mitano, akifika kumi na mbili ana sekondari ya kufikiria, ana marafiki, na ana neno lake la kusema kuhusu pikipiki.