Ridhaa ya Asiyesema

Mtu mzima akibadilishiwa chakula huulizwa, au angalau huarifiwa. Mtoto mchanga hubadilishiwa chombo, mkono na harufu kwa siku moja, na akikataa huitwa mkaidi. Swali ninalotaka kulitazama hapa ni dogo kwa sura yake, kwani lahusu jambo litendekalo chumbani bila ya mashahidi: mama anapojiandaa kurudi kazini, tuna haki gani ya kumzoesha chupa mtoto aliyekwisha kulizoea ziwa, ilhali hana ulimi wa kukubali wala wa kukataa?

Swali hili lilinijia kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Nilikuwa nikifasiri kijitabu cha afya cha kina mama waajiriwa, na katika nyumba hiyo hiyo mwanangu, mwalimu wa skuli, alibakiwa na wiki mbili tu za likizo yake ya uzazi. Mezani nilikwama kwenye kitenzi. Niliandika "kumfunza mtoto chupa", nikafuta; maana afunzaye anajua na afunzwaye hajui, nami sikuona nina elimu gani ya kunyonya ambayo mjukuu wangu hana. Nikaandika "kumzoesha". Hilo nalo likaniachia wasiwasi, kwa sababu binadamu huzoeshwa hata dhuluma.

Siku ya kwanza mwanangu alimpa mtoto chupa kwa mkono wake. Maziwa yalikuwa yake mwenyewe, aliyoyakamua alfajiri, tukayapasha kwa kuyatia katika bakuli la maji ya moto. Mtoto aligeuza uso akalitafuta ziwa. Na kwa nini asigeuke, ikiwa chemchemi yenyewe iko karibu na pua yake? Kazi ikaniangukia mimi. Mwanangu akatoka uani, akaniachia kanga aliyolala nayo, nikamfunika nayo mtoto. Nilimkalisha wima kiasi mapajani, nikaishika chupa karibu ilale. Kwani ziwa hutoa kwa kadiri mtoto anavyovuta, na chupa iliyoinamishwa humimina upende usipende. Nikamgusa mdomo kwa chuchu ya chupa, nikangoja. Akaitafuna, akaitema, akalia. Tulirudia siku ya pili, kabla njaa haijampanda, na ya tatu, na ya nne.

Jirani yetu mmoja, mama wa watoto saba, alituonea huruma. "Bi mkubwa," aliniambia, "muacheni ashinde na njaa siku moja tu. Mtoto hagombani na njaa." Sikumdharau hata kidogo. Saba hao aliwalea akilima mwani, na bamvua likifika halimngoji mwenye mtoto mchanga. Likizo kwake ni neno la watu wa ofisini. Anayesema hivyo hasemi kwa ukatili. Amesema kwa lugha ya mtu ambaye hakupata kupewa wiki mbili.

Lakini maneno yake yaliniamshia jambo nililokuwa nimelizika. Huyu mwanangu aliyekuwa amesimama uani akisikiliza kilio, ndiye niliyemlikiza mimi kwa shubiri. Ilikuwa ndiyo desturi, na mama yangu alinifanyia vivyo hivyo. Alikuwa amepindukia mwaka na nusu, nami nilipata kibarua cha mbali na nyumbani. Nilijipaka shubiri, nikamwita. Alionja, akaacha, kisha akaniangalia usoni. Hakuliangalia ziwa, aliniangalia mimi. Baada ya majaribio mawili matatu hakurudi tena, na majirani wakanipongeza kwamba nimelikiza bila ya tabu.

Kwa miaka mingi nilidhani kosa, kama lilikuwapo, ni uchungu wa shubiri. Leo naona sivyo. Uchungu hupita kwa funda la maji. Kosa ni kwamba shubiri haikumwambia mwanangu kuwa muda wa kunyonya umekwisha. Ilimwambia kuwa ziwa la mama yake limeharibika. Ulikuwa uongo, na niliusema kwa mwili wangu, kwa mtu ambaye hakuwa na kitabu kingine cha kusoma ukweli isipokuwa mwili huo. Ushauri wa njaa una ila nyingine. Haudanganyi, bali unashurutisha. Mtoto ataifungulia chupa mdomo, hilo sina shaka nalo, ila tutakuwa tumeyaita matokeo ya dhiki kwa jina la ridhaa.

Je, mtoto wa miezi miwili na nusu ana ridhaa? Wapo watakaocheka. Nami nilianza kuandika nikiamini kwamba hasemi, na kichwa cha makala haya nimekiacha kama ushahidi wa kosa langu. Aliyemlisha mtoto kwa subira anajua kwamba anasema. Kufungua mdomo ni kukubali. Kugeuza shingo ni kukataa. Kukunjua vidole vilivyokuwa ngumi ni kusema kwamba nimeshiba. Anayekosa lugha hapa ni sisi, kwa sababu macho yetu yako kwenye kipimo cha chupa, tukitaka tone la mwisho limalizike.

Hata hivyo nisijidanganye. Mjukuu wangu hakuulizwa kama mama yake arudi kazini. Hilo liliamuliwa na mshahara, na mtoto mwenyewe atakula kutokana na mshahara huo. Ridhaa tuliyoweza kumpa ilikuwa ndogo: si juu ya jambo lenyewe, bali juu ya namna yake. Lakini haki ndogo si sawa na kutokuwa na haki. Siku ya sita tuliiweka chupa kando, tukajaribu kikombe kidogo cha kahawa, kwani mtoto mchanga aweza kunywa kwa kikombe akishikwa wima na kuachiwa arambe kwa kasi yake, na kikombe husafishika kwa wepesi kuliko chupa. Alikubali. Chupa akaja kuigusa baadaye, mara moja moja, kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.

Ridhaa hiyo ilikuwa na gharama. Mchana alikunywa kidogo tu, na usiku akanyonya kama anayelipa deni, hata mwanangu akawa anasimama mbele ya darasa na macho mekundu. Hapo ndipo swali la maadili lilipotoka chumbani kwetu. Nani alipe gharama ya ridhaa ya mtoto? Mkutano wa Afya Duniani wa mwaka 2001 ulihimiza mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, bila hata ya maji. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2000 unataka likizo ya uzazi isipungue wiki 14. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania Bara ya mwaka 2004 inampa mama siku 84, na akirudi kazini, muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku. Baina ya siku 84 na miezi 6 pana zaidi ya siku 90. Chupa, kikombe, kanga ya mama na usingizi uliokatika ndivyo tunavyoziba navyo pengo hilo. Tunamwambia mama alizibe peke yake, kisha tunamhukumu kwa namna alivyoliziba.

Nimekuwa nikikirejea kisa cha Nabii Musa katika Sura ya Al-Qasas. Mtoto yule, ndani ya jumba la Firauni, aliwakataa wanyonyeshaji wote walioletwa. Mfalme yule hakuwa mpole kwa watoto, lakini mbele ya mdomo uliofungwa hata jumba lake lilibidi lijipange upya: dada akatoa shauri, mama akaletwa, na wafasiri husema kwamba akalipwa ujira kwa kumnyonyesha mwanawe mwenyewe. Kukataa kwa mtoto hakukuitwa ukaidi, kulisikilizwa. Na katika Al-Baqara, pale panapotajwa miaka miwili ya kunyonyesha, kuachishwa ziwa mapema kumefungwa kwa ridhaa na kushauriana kwa wazazi wawili. Yaani jambo hili tangu zamani halikuwa la mwanamke mmoja na dhamiri yake. Ni jambo la shauri, na mwajiri naye leo ameingia barazani, hata kama hataki kuketi.

Nilirudi kwenye kijitabu changu nikiwa na neno la tatu, ambalo lilikuwa limejificha ndani ya lile la pili. Kiswahili kina kuzoesha, lakini kina pia kuzoeana. Hilo la mwisho halina bwana wala mtwana. Mtoto huzoea mkono mgeni. Nao mkono hujifunza kungoja. Nikaandika: "Mpeni mtoto na mlezi wake nafasi ya kuzoeana na chombo kipya, wiki kadhaa kabla ya mama kurudi kazini." Mhariri aliliona refu. Nimemwomba aliache.

Mwanangu hurudi skuli alasiri. Hata kabla hajavua buibui mtoto huwa amekwisha kumsikia. Humnyonyesha pale pale kwenye mkeka, na ziwa ni lile lile, halikuharibika. Kikombe cha mchana kilisema kwamba mama hayupo na kwamba atarudi, na kila alasiri hudhihirika kuwa kilisema kweli. Sidhani kama tunadaiwa na mtoto zaidi ya hayo, wala sidhani kama tunaruhusiwa kumpa pungufu.