Je, Asiyeweza Kumeza Alishwe kwa Mpira?



Hapa kwetu Nyegezi, mtu akienda kumjulia hali mgonjwa, swali lake la kwanza baada ya salamu ni hili: "Anakula?" Akijibiwa kwamba anakula, hata kama ni vijiko viwili vya uji, moyo humtulia. Akijibiwa hapana, watu hutazamana. Kwa hiyo daktari anaposema mgonjwa awekewe mpira wa chakula, jamaa hukubali upesi, na ni wachache wanaouliza mpira huo ni wa nini na utakaa hadi lini. Mimi naona yatupasa kuuliza.

Nilipokuwa nikifundisha sayansi katika chuo cha ualimu, nilizoea kuchora ubaoni njia mbili zilizomo kooni, moja ya chakula na moja ya hewa, pamoja na kifuniko kidogo kinachoilinda ile ya hewa tunapomeza. Kiharusi huweza kuivuruga kazi hiyo; karibu nusu ya wagonjwa wa kiharusi hupata shida ya kumeza katika siku za mwanzo. Sisi wazima tukipaliwa hukohoa, yakaisha. Mgonjwa huyu aweza kupaliwa bila hata kukohoa, uji ukaingia mapafuni kimyakimya, akapata nimonia. Ndiyo maana kumnywesha uji kwa nguvu mgonjwa aliyelala chali, jambo ambalo hufanywa kwa nia njema kabisa, ni hatari kubwa.

Mpira hupitishwa puani hadi tumboni. Lakini waweza kupotea ukaingia mapafuni, na chakula kikimiminwa humo mgonjwa aweza kufa. Zamani wauguzi walipuliza hewa kwa bomba la sindano na kusikiliza tumboni. Njia hiyo imeonekana haiaminiki, na inayotegemewa ni kupima uchachu wa majimaji yaliyovutwa kutoka tumboni, au kupiga picha ya eksirei. Tena mpira huziba, huchubua pua, huchomoka. Wala hauzuii mate ya mgonjwa mwenyewe, au chakula kinachorudi juu, kuingia mapafuni. Uko na mpira wa namna ya pili, unaopitishwa katika tundu la tumbo bila upasuaji mkubwa, ulioanzia Cleveland, Marekani, mwaka 1979. Nao una taabu zake: usaha, kuvuja, na mara nyingine maambukizi ndani ya tumbo.

Basi tuukatae? La hasha. Wagonjwa wengi wa kiharusi hurudia kumeza baada ya majuma machache, na mpira huwavusha kipindi hicho. Mwaka 2005 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 859 wa kiharusi. Walioanzishiwa mpira mapema walikufa kidogo kuliko waliosubirishwa, tofauti ya watu kama 6 katika kila 100, ingawa watafiti hawakuweza kusema kwa hakika kwamba tofauti hiyo haikutokea kwa bahati tu. Lakini ilionekana pia kwamba wengi wa hao walionusurika huenda walibaki hawajiwezi kabisa. Hapo ndipo swali linapotoka mikononi mwa daktari na kuja mikononi mwetu.

Niliwahi kumwona bibi mmoja aliyefungwa mikono kwa bandeji kitandani asije akauchomoa mpira. Alikuwa ameshauchomoa mara tatu. Kila mtu alisema hajui afanyalo. Labda ni kweli, maana wagonjwa huchanganyikiwa. Lakini kiharusi chaweza kuiba maneno na kuacha akili. Je, kuna aliyemwomba aminye mkono kama anaukubali mpira?

Mwalimu mwenzangu alinipinga sana. Alisema kumtolea mtu mpira ni kumuua kwa njaa. Naiheshimu hofu hiyo, lakini naona inachanganya mambo mawili. Kumnyima chakula anayekitaka ni ukatili. Kumwingizia uji kwa mpira mtu ambaye mwili wake umekwisha kufunga kazi ni jambo jingine. Wataalamu wa magonjwa ya wazee huko Marekani hawashauri mpira kwa mzee ambaye akili zake zimepotea kabisa kwa ugonjwa wa kusahau. Wanashauri alishwe kwa mkono, polepole, kiasi anachopenda. Vijiko hivyo vitatu havitamshibisha. Hata hivyo analishwa na mtu, anaguswa, anaonja ladha. Nashuku kwamba mara nyingine tunang'ang'ania mpira kwa kuogopa maneno ya matangani, kwamba "walimwacha bila chakula."

Ushauri wangu ni kwamba mpira usianze bila kusudi lililotajwa na siku iliyopangwa ya kukaa tena na daktari: Je, anaanza kumeza? Mapafu yakoje? Mwenyewe anataka nini? Mara nyingi kikao cha namna hiyo huongozwa na mtoto aliyeko mbali, ambaye ndiye mwenye fedha. Sina ugomvi naye, fedha zinatakiwa. Lakini mpira haumlazi macho yeye. Anayeuchujia uji usizibe, anayeusukutua kwa maji safi, anayemketisha mgonjwa na kumwacha ameketi nusu saa au zaidi baada ya kumlisha, ni mkamwana aliyeko nyumbani. Huyo naye aitwe kikaoni, apewe kiti, aulizwe kabla ya wengine ameona nini usiku.