Mnara wa Siloamu na Barabara ya Ngaramtoni



Mwezi huu nataka tutafakari pamoja neno moja gumu, ambalo kila azikaye wafu hana budi kulikuta: Kwa nini Mungu, aliye mwema na mwenye nguvu zote, awaacha watu wapatwe na mateso? Sitalisema kama jambo la vitabuni, maana limetufikia barabarani kwetu.

Jumamosi, tarehe 24 Februari 2024, hapa Ngaramtoni, mahali paitwapo Kibaoni, katika barabara iendayo Namanga, lori kubwa lililokosa breki liliyagonga magari mengine. Watu 25 wakafa. Kati yao walikuwamo wenyeji wa nchi yetu na wageni wa nchi za mbali. Na 11 walikuwa watumishi wa Youth With A Mission, watu walioacha kwao kwa ajili ya Injili. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya pili ya Kwaresima. Tuliingia kanisani na swali lile mioyoni mwetu, hata wale wasiolitamka.

Penye msiba watu hutafuta sababu, kama vile mtu aliyeumwa na kitu gizani atafutavyo taa. Nami nimesikia majibu ya namna tatu. Na tuyapime, moja moja.

Jibu la kwanza lasema: Bila shaka palikuwa na dhambi iliyofichika. Jibu hili ni la kale sana. Rafiki zake Ayubu walilitoa, na wanafunzi wa Bwana waliliuliza walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu. Lakini Bwana wetu alilikataa waziwazi. Katika Luka, sura ya 13, yeye mwenyewe akumbusha habari za watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, akauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wote waliokaa Yerusalemu. Naye akajibu kwamba sivyo. Hakutafuta makosa ya wafu. Aliwageukia walio hai, akawaita watubu. Basi nani miongoni mwetu atathubutu kusimama Kibaoni na kusema lile ambalo Kristo hakulisema Siloamu? Tena tukumbuke tarehe 6 Mei 2017, huko Karatu, ambako wanafunzi 32 wa shule moja ya Arusha walikufa ndani ya basi, pamoja na walimu wawili na dereva wao. Atakayepima dhambi za watoto wale kwa wingi wa majeneza yao, mizani yake si ya Mungu.

Jibu la pili twalisema sote, hata mimi: Kazi ya Mungu haina makosa. Neno hili ni kweli kabisa. Lakini yatupasa kuuliza kwanza kama kazi tunayoitaja ni ya Mungu. Breki ni kazi ya fundi, na ya mwenye gari, na ya dereva, na ya wale waliowekwa kulinda njia. Sisemi ni nani aliyekosa siku ile. Hilo si langu kuhukumu. Nasema hivi tu: tusilitumie jina takatifu la Mungu kama shuka la kufunika uzembe wa wanadamu. Mtu aendeshaye gari bovu akiua, kisha nasi tukaimba kaburini kwamba Mungu amependa, tumemsingizia Mungu, na gari bovu jingine litapita kesho bila kuulizwa. Amri ya tano yakataza kuua, na katika Katekisimu tumefundishwa kwamba yatuagiza pia kumsaidia jirani katika mahitaji yote ya mwili wake. Kukagua breki ni sehemu ya amri hiyo.

Jibu la tatu ni la wacha Mungu, nalo lapendeza zaidi: Mungu ameyaruhusu mabaya haya ili alete mema. Sisi wa mlima Meru tuna mfano wake. Mwezi Oktoba 1896, wamishenari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa huko Akeri, pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Miaka michache baadaye Injili ilirudi, misheni ikasimama Nkoaranga na Ilboru, na leo kengele zalia pande zote za mlima. Hivyo twasema, damu yao ilikuwa mbegu. Nami naamini kwamba Mungu aweza kuotesha hata mahali pa damu. Lakini tusisahau kwamba baada ya kifo chao jeshi la Wadachi lilikuja kulipiza kisasi, na Wameru na Waarusha wengi wakauawa, mifugo yao ikachukuliwa. Hao nao walikuwa mbegu ya nini? Mara nyingi maelezo yetu mazuri huwahesabu wafu wengine na kuwaacha wengine. Kwamba Mungu ametoa jema katika baya, hilo twaweza kulishukuru. Kwamba baya lile kwa hiyo lilikuwa jema, hilo hatuna ruhusa kulisema.

Basi, tukiisha kuyaondoa majibu haya, swali labaki. Hata kama breki zilikosewa na mwanadamu, je, Mungu hakuweza kulizuia lori lile? Wazee wetu wa lugha ya Kimaa walikuwa na njia yao ya kulijibu. Walisema Engai ni mweusi, kama wingu la mvua, ndiye mwema aleteaye majani. Tena Engai ni mwekundu, ndiye mkali aleteaye ukame na radi. Sisi tulioungama Mungu mmoja, Baba Mwenyezi, hatuwezi kumgawanya hivyo. Kwa hiyo swali hili ni zito kwetu kuliko lilivyokuwa kwa babu zetu. Asiyeamini hana wa kumlilia. Na aaminiye Mungu mwekundu ajua ni nani amkasirikiaye. Mkristo humlilia yule yule ampendaye.

Hapa sina budi kuungama kosa langu. Nilipokuwa kijana katika uchungaji, nilizika mtoto wa pekee wa mama mmoja wa usharika wangu. Nilisimama penye kaburi nikasema kwa ufasaha kwamba Mungu ni mtunza bustani, naye amechuma ua lililo zuri kwa ajili ya nyumba yake. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Siku ya tatu nilipokwenda kumtazama, yule mama akaniambia kwa upole, “Baba Mchungaji, huyo Mungu wako hana maua ya kumtosha huko kwake, hata aje achume kwangu lililo moja tu?”

Nilikosa la kumjibu. Nikaketi. Alikuwa akipukuchua maharage, nami nikavuta ungo nikapukuchua pamoja naye mpaka jua likashuka, bila kuhubiri neno. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba mahubiri yangu ya kaburini yalimtia hasira juu ya Mungu, lakini siku ile ya maharage ndiyo iliyomrudisha kanisani.

Tangu hapo nimeyasoma upya mambo mawili. La kwanza ni la rafiki zake Ayubu: siku saba waliketi naye chini bila kusema, na siku hizo hawakukosa, walikosa walipoanza kueleza. La pili ni la Martin Luther, ambaye mwaka 1518 huko Heidelberg alifundisha kwamba mwanatheolojia wa utukufu huliita baya jema na jema baya, bali mwanatheolojia wa msalaba hulitaja jambo kama lilivyo. Tena mwaka 1542 binti yake Magdalena alipokufa mwenye umri wa miaka 13, Luther alilia sana, ingawa imani yake katika ufufuo ilikuwa thabiti. Machozi na imani vyaweza kukaa katika nyumba moja.

Hata Mwokozi wetu alilia penye kaburi la Lazaro, ingawa alijua kwamba atamfufua. Na pale msalabani yeye mwenyewe alimwuliza Baba kwa nini amemwacha. Wala hakuna mwinjilisti aliyeandika kwamba sauti ilitoka mbinguni ikamweleza sababu. Jibu la Baba halikuwa maelezo. Lilikuja siku ya tatu, asubuhi, kaburi likiwa wazi. Mungu hakutueleza mateso. Aliingia ndani yake, akafa humo, akatoka. Hili ndilo tulilo nalo. Si yote tunayotaka kujua, lakini latosha kutufanya tumwendee yeye na swali letu, badala ya kumkimbia.

Kwa hiyo, ndugu walimu, mkiitwa penye msiba, nendeni upesi na semeni machache. Msitafute dhambi za marehemu. Msimtwike Mungu makosa ya watu. Msimkataze mwenye kulia asiulize “kwa nini,” maana Zaburi zimejaa neno hilo. Chukueni kuni, tekeni maji, kaeni na wafiwa hata baada ya watu kutawanyika, kwa kuwa siku ya kumi ni ngumu kuliko ya kwanza. Kisha, wakati wao ukifika, wasomeeni habari za kaburi lililo wazi.

Na kila tupitapo Kibaoni, tuwakumbuke wale 25 mbele za Mungu, tukijiuliza si walikosa nini, bali sisi tulio hai tutubu nini. Bwana awafariji waliofiwa, naye awape ninyi nyote amani yake. Amina.