Timu Ikihama, Shabiki Anabaki Mwaminifu kwa Nani?

Ukisema "timu yangu", hiyo "yangu" inamaanisha nini hasa? Simu yangu, nimeinunua. Mama yangu, amenizaa. Lakini timu? Hukuinunua, haikukuzaa, na ukifa kesho haitatuma hata mia ya mchango wa matanga. Bado ikipoteza mechi, chakula hakishuki.

Mchekeshaji Mmarekani Jerry Seinfeld ana utani maarufu kuhusu jambo hili: wachezaji huhama kila mara, kwa hivyo mwishowe tunashangilia nguo tu. Yule yule uliyempenda msimu uliopita akivaa rangi nyingine, unamzomea. Unacheka, halafu unanyamaza, kwa sababu kuna ukweli hapo. Wachezaji hubadilika, kocha hubadilika, mwenye timu hubadilika. Sasa wewe unampenda nani?

Watu wa Oakland, California, walilazimika kulijibu swali hili bila kupenda, na ndiyo maana nataka tukae nao kidogo.

Timu yao ya besiboli, Athletics, ilifika Oakland mwaka 1968, mwaka ule ule Gor Mahia ilipoanzishwa hapa kwetu. Oakland ni mji wa bandari, ng'ambo ya ghuba kutoka San Francisco, mji wa wafanyakazi ambako Black Panther walizaliwa mwaka 1966. Timu ikawapa ubingwa mara tatu mfululizo, 1972, 1973 na 1974, kisha tena 1989. Ikawapa Rickey Henderson, kijana aliyekulia mitaa hiyo hiyo ya Oakland, ambaye mwaka 1982 aliiba vituo 130. Kuiba kituo ni kuchomoka mbio kwenda kituo kinachofuata kabla wapinzani hawajakunasa, na katika besiboli ya kisasa hakuna aliyefikisha idadi hiyo tena kwa msimu mmoja.

Halafu elewa kitu kimoja kuhusu mchezo huu. Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 38 kwa msimu. Besiboli ina 162, nusu yake nyumbani. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, timu inacheza karibu kila siku. Kwa hivyo shabiki wa besiboli hangojei wikendi. Timu iko naye akipika, akiendesha gari, akimlaza mtoto. Ni mapenzi ya mazoea, kama ya watu waliokaa kwenye ndoa miaka mingi. Hayana makelele, lakini yakikatika, siku nzima inabaki na shimo.

Yakaanza kukatika polepole. Mmiliki, John Fisher, ambaye wazazi wake walianzisha kampuni ya nguo ya Gap, alikuwa kwenye timu tangu 2005. Katika miaka ya mwisho, wachezaji wazuri walipelekwa timu nyingine mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2023 timu ilipoteza mechi 112. Viti vikabaki vitupu, na watu wakaanza kusema: si mnaona, Oakland hawapendi besiboli!

Mashabiki wakajibu kwa mgomo wa kinyumenyume. Badala ya kususia mechi, wakapanga wote waende. Tarehe 13 Juni 2023, siku ya Jumanne, walifika watu 27,759, wengi wao wakiwa na fulana za kijani zilizoandikwa neno moja: uza. Ujumbe ulikuwa kwa mmiliki. Wiki hiyo hiyo, jimbo la Nevada likaidhinisha dola milioni 380 za umma kusaidia kujenga uwanja Las Vegas. Novemba, wamiliki wa timu zote 30 za ligi wakapiga kura kuhusu uhamisho. Hakuna hata mmoja aliyepinga. Tarehe 26 Septemba 2024, mbele ya watu 46,889, timu ikacheza Oakland kwa mara ya mwisho na kushinda 3 kwa 2. Kuna waliobeba udongo wa uwanja kwenda nao nyumbani.

Sasa, alikosewa nani hapo? Na alikosewa nini?

Jibu la haraka ni la sokoni: buda, wewe ni mteja tu. Duka likihama, tafuta duka lingine. Tumpe mmiliki haki yake pia. Uwanja ulifunguliwa mwaka 1966 na ulikuwa umechakaa hadi maji taka yaliwahi kufurika vyumbani mwa wachezaji. Mazungumzo na mji kuhusu uwanja mpya yalivutana miaka mingi. Kisheria, timu ni mali yake.

Lakini jibu la sokoni lina shida moja kubwa. Mteja akiuziwa unga mbaya, anahama. Shabiki hahami, na kutohama kwake ndiko kunakofanya timu iwe na thamani. Anayemuuzia mdhamini tangazo anauza macho ya watu ambao hawatageuka hata timu ikifungwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa anajua kabisa kwamba utalinywa hivyo hivyo. Huwezi kujengea biashara uaminifu wa mtu, halafu siku ya kuhama umwambie yeye ni mteja kama wateja wengine.

Zaidi ya hapo, hata lile soko lenyewe halipo. Tangu mwaka 1922, Mahakama ya Juu ya Marekani iliiweka besiboli nje ya sheria zinazozuia kampuni kuhodhi biashara. Ligi ndiyo huamua nani awe na timu na wapi. Mji ukinyang'anywa timu, hauwezi kuamka kesho ukaanzisha nyingine katika ligi ile ile. Kwa hivyo hilo "duka lingine" unaloambiwa utafute ni hewa.

Mmiliki alinunua jina, mikataba na nafasi kwenye ligi. Hakununua zile jioni za miaka 56, wala ngoma zilizopigwa kule viti vya nyuma, wala mzee anayemfundisha mjukuu kuhesabu kwa kutumia alama za mchezo. Hivyo vyote vilitengenezwa na watu waliolipa ili waingie. Mtu wa Nairobi ataelewa upesi: mwenye ploti anamiliki ploti, mtaa si wake.

Mwanafalsafa Josiah Royce, mzaliwa wa California aliyesomea Berkeley, jirani kabisa na Oakland, alichapisha mwaka 1908 kitabu kiitwacho The Philosophy of Loyalty. Kwake, uaminifu si kumng'ang'ania mtu fulani. Ni kujitolea kwa jambo linalowaunganisha watu wengi. Kisha anatoa kipimo: jambo jema ni lile linalokuza uaminifu duniani, na jambo baya ni lile linaloishi kwa kuua uaminifu wa wengine.

Tukitumia kipimo hicho, mambo yanageuka. Tumezoea kusema shabiki wa kweli habanduki, timu iende wapi. Kwa kipimo cha Royce, anayekataa kuifuata Las Vegas anaweza kuwa ndiye mwaminifu zaidi, kwa sababu alichokipenda kilikuwa kile kitu baina yake na wenzake kwenye viti, na hicho hakikupakiwa kwenye lori. Simhukumu anayeendesha gari hadi Sacramento, ambako timu inacheza tangu 2025 ikingoja uwanja wa Las Vegas, na ambako inajiita Athletics tu, bila jina la mji. Moyo wake ni wake. Ila asimwite aliyebaki msaliti.

Kuna doa hapa, na si vizuri kulifunika. Athletics hawakuzaliwa Oakland. Walianzia Philadelphia, wakahamia Kansas City mwaka 1955, na Oakland waliwapata kwa sababu Kansas City waliwapoteza. Mwaka 1968, wakati Oakland wanasherehekea, kuna mtoto Kansas City aliyekuwa analia. Na siku moja kutakuwa na mtoto Las Vegas atakayeipenda timu hii kwa moyo safi kabisa. Je, mapenzi ya Oakland yalikuwa mali ya wizi tangu mwanzo?

Sidhani. Mtoto hana deni kwa kupenda alichokikuta nyumbani. Lakini doa hili linatufundisha kutolia kwa upande mmoja tu. Kama uhamisho ulikuwa mbaya 2024, ulikuwa mbaya 1968 pia, hata kama ulituletea furaha. Anayedai haki ya mashabiki wake pekee hatetei mashabiki. Anatetea kiti chake.

Na sisi huku, tunaokesha vibandani tukitazama timu za Uingereza, tuko kwenye hesabu hii. Mwaka 2021, klabu sita kubwa za huko zilijaribu kujitenga kwenye Super League. Mpango ukaporomoka ndani ya siku chache baada ya mashabiki kuingia barabarani. Sisi hatukuwa barabarani, lakini mpango ule ulihesabu macho yetu pia. Ni vyema kujua kwamba mapenzi yako yanauzwa, hata ukiwa Kayole. Kujua hivyo si sababu ya kuacha kupenda. Ni sababu ya kuuliza unayempenda anafanya nini na mapenzi yako.

Huko Oakland, wapo waliochoka kuuliza wakajenga. Mwaka 2024 timu ndogo iitwayo Ballers ilianza kucheza Raimondi Park, magharibi mwa mji, katika ligi ya chini kabisa ukilinganisha na walikotoka Athletics. Mashabiki wakauziwa hisa. Mwaka 2025 ikatwaa ubingwa wa ligi yake. Wengi wa wachezaji wake huenda usiwasikie tena maishani. Rangi ni za kijani bado, ngoma bado zinapigwa, na safari hii baadhi ya wanaosema "timu yangu" wana karatasi ya kuonyesha.