Je, Ni Heri Kujua Mapema?

Msomaji, ukipita Moi's Bridge wakati wa mavuno utaona malori na matrekta yaliyosheheni mahindi yamejipanga kuelekea maghala ya nafaka. Kabla gunia halijapokewa, karani huchukua punje chache akazitia katika kipimo cha unyevu. Ikiwa unyevu umezidi 13.5 kwa mia, mkulima huambiwa arudi na mahindi yake akayaanike. Huondoka akinung'unika, lakini haondoki amekata tamaa, maana jua lipo. Kipimo kimempa habari mbaya, na pamoja nayo kimemwachia jambo la kutenda. Nimeanza na kipimo hiki kwa sababu nataka tufikiri pamoja juu ya kipimo kingine, ambacho wataalamu wa dunia wanakitafuta kwa bidii kubwa, nacho ni kipimo cha damu cha kumjulisha mtu kwamba maradhi ya Parkinson yamo mwilini mwake kabla hajaanza kutetemeka.

Maradhi hayo huitwa kwa jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeandika habari zake mwaka 1817. Aliwaeleza wagonjwa sita, na baadhi yao aliwaona njiani tu, wakipita. Katika kina cha ubongo mna seli zitengenezazo kitu kiitwacho dopamini, ambacho huuwezesha mwili kwenda kwa wepesi na kwa utaratibu. Seli hizo hufa polepole, kwa sababu ambazo hazijafahamika zote, na ndani ya nyingi kati yake hukutwa mabonge ya protini iitwayo alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya. Mkono unapoanza kutetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imekwisha potea. Mtetemo, basi, si hodi ya mgeni. Mgeni amekwisha ingia, naye amekaa ndani miaka mingi.

Baba yangu ni fundi wa cherehani. Mimi na ndugu zangu tulisomeshwa kwa sare za shule alizozishona barazani mwa duka la watu. Mkono wake wa kuume ulipoanza kutetemeka alikuwa na umri wa miaka 58. Wateja walinong'ona kwamba mzee ameanza kunywa, yeye ambaye hajaonja pombe maishani mwake. Kisha jirani mmoja akaleta neno baya zaidi: kwamba amerogwa, kwa ajili ya shamba, na mdogo wake mwenyewe. Mwaka wa kwanza Baba alilikataa neno hilo. Mwaka wa pili alilikubali. Baba mdogo akapigwa marufuku kukanyaga uani kwetu, na arusi ya dada yangu ikapita bila yeye. Hata siku tulipompeleka Baba Eldoret, daktari kijana alimwambia anyoshe mikono, afumbe na kufumbua vidole, atembee hatua chache ukumbini. Kisha akatutajia jina la ugonjwa. Alimpa vidonge vya levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. (Mbegu za upupu, ule mmea uwashao ambao watoto watundu huutia katika nguo za wenzao, zina levodopa pia, lakini nakusihi msomaji usimpe mgonjwa yeyote mbegu hizo, kwa kuwa hakuna ajuaye kiasi kilichomo katika kiganja chake.) Baada ya majuma machache Baba alitia uzi katika sindano bila msaada. Jioni ile ile akamtuma mtoto akamwite mdogo wake.

Wala mkasa huu si wetu peke yetu. Katika Wilaya ya Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu zaidi ya 161,000, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008. Waliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wa hao hawakuwa wamewahi kutambuliwa wala kutibiwa. Fikiri ni majina mangapi ya uchawi, ya ulevi na ya uzee yaliyokuwa yamebandikwa juu ya mikono ile.

Hadi hapa sioni ubishi. Kujua jina la ugonjwa uliokwisha onekana ni heri tupu, na kulikosa jina hilo kumetugharimu ndugu kwa miaka miwili. Swali gumu lipo mbele kidogo: je, ni heri pia kuujua ugonjwa ambao bado haujaonekana?

Wataalamu wamegundua kwamba maradhi haya huwa na dalili za kunyatia. Wengine hupoteza uwezo wa kunusa. Wengine hufunga choo kwa muda mrefu. Wengine huota kwa vitendo, wakapiga mateke na makelele usingizini kana kwamba wanapigana na adui. Mwaka 2024 watafiti wa London na wa Göttingen, Ujerumani, walieleza kwamba kwa kupima protini nane katika damu, na kuifunza kompyuta kuzisoma, waliweza kuubashiri ugonjwa hadi miaka 7 kabla ya dalili za mwili. Walipima damu ya watu 72 wenye kasoro ile ya usingizi. Katika wale waliobashiriwa, 16 walikuwa wamekwisha ugua. Kazi hiyo yataka kuthibitishwa kwa watu wengi zaidi, lakini njia imeonekana.

Sasa, msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme kipimo kinasema kweli mara 95 katika 100. Tuseme pia kwamba katika wazee 1,000 wa tarafa yetu, 10 wana ugonjwa uliojificha. Kipimo kitawanasa 9 au wote 10. Lakini katika wale 990 walio wazima kitakosea kwa watu karibu 50. Basi karibu watu 60 watarudi nyumbani na habari ya kutisha, na 50 kati yao watakuwa wameogopeshwa bure. Katika kijiji ambako mkono wa kutetemeka tu huzaa tuhuma za uchawi, utasemaje juu ya karatasi inayomtangaza mgonjwa mtu aliye mzima?

Na hata wale 10, wataambiwa watende nini? Vidonge hutuliza, havizuii seli kufa. Mpaka leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuzuia maradhi haya yasiendelee. Madaktari hushauri mazoezi ya mwili, nayo yafaa, lakini hakuna awezaye kukuahidi kwamba ukikimbia kila asubuhi hutatetemeka. Mkulima wa Moi's Bridge huambiwa mahindi yake ni mabichi na jua likiwaka. Huyu ataambiwa vivyo hivyo katikati ya masika.

Kwa sababu hiyo niliwahi kusema, mbele ya darasa langu, kwamba mimi nisingetaka kujua. Ugonjwa huu kwa wengi haurithiwi moja kwa moja, lakini mtu ambaye mzazi wake anao hatari yake ni kubwa kidogo kuliko ya wengine. Basi sikuwa nikisema juu ya mtu wa mbali. Nilisema kwamba damu yangu ningeitoa kwa watafiti bila kusita, bali nisingetaka nisomewe majibu. Kuitoa kuna maana kwetu hasa. Mwaka 2023 watafiti, wakiwamo wa Nigeria, walitangaza badiliko katika jeni iitwayo GBA1 linaloongeza hatari ya Parkinson, ambalo hupatikana kwa watu wa asili ya Afrika na ni nadra sana kwa watu wa asili ya Ulaya. Miaka mingi halikuonekana kwa sababu damu iliyochunguzwa haikuwa yetu. Nikaona nimepata msimamo wa haki: niwape wengine faida, nami nibaki na amani yangu.

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akanyosha mkono. Akasema, "Mwalimu, dawa ya kuzuia lazima ijaribiwe kwa watu ambao seli zao hazijafa zote. Watu hao watapatikanaje ikiwa kila mmoja anatoa damu na kuziba masikio?"

Nilimjibu kwamba kengele imekaribia kulia. Ni jibu la aibu, nami nalikiri hapa. Maana alichosema ni kweli kabisa. Dawa nyingi zimejaribiwa kwa watu waliokwisha tetemeka, wakati nyumba imekwisha ungua nusu, na yamkini ndiyo sababu mojawapo zikashindwa. Ili jua litafutwe, lazima wapatikane watu wa kwanza watakaokubali kuambiwa mahindi yao ni mabichi kabla jua halijachomoza. Watabeba mzigo wa kujua ili wajukuu wa watu wengine wapate dawa. Sina haki ya kumlazimisha mtu awe katika kundi hilo, wala tabibu hana, wala serikali. Damu ni ya mwenyewe na habari iliyomo ni yake. Lakini je, ninayo haki ya kuitarajia dawa hiyo, ilhali nimewaachia wengine mzigo?

Likizo hiyo nilimweleza Mama mabishano yetu, nikitaraji ataniunga mkono, kwa kuwa yeye si mpenda habari mbaya. Alikuwa akichambua maharagwe. Alinyamaza muda, kisha akanikumbusha jambo ambalo sikulijua vema. Miaka sita kabla ya mkono kutetemeka, Baba alikuwa akimpiga mateke usiku na kupiga kelele za vita. Mama alidhani mumewe amemchukia moyoni na usingizi unaifichua chuki hiyo. Akahamishia kitanda chake chumba cha pili, na hakurudi.

"Mwanangu," akasema, "mimi nisingetaka dawa. Ningetaka tu kuambiwa kwamba hakuwa akinipiga mimi."

Sikuwa nimeyatia hayo katika mizani yangu. Nilikuwa nimehesabu jambo la kutenda kuwa ni kidonge tu au sindano, kumbe kurudisha kitanda mahali pake nako ni kutenda.

Sijasema kwamba nimebadili nia. Nikiulizwa leo na mtafiti, sijui kama mdomo wangu utasema ndiyo. Lakini wewe umenisoma kwa subira mpaka hapa, basi sitakuficha: siku hizi, kila asubuhi, kabla sijaionja chai, huinua kikombe nikainusa kwanza tangawizi, na nikiipata harufu yake hunywa haraka nikaenda shuleni.